Ombi Lisilotaja Jina

Wapo walionitumia salamu za matusi baada ya kusoma yale ya wiki iliyopita. Nimezipokea zote kwa mikono miwili. Hakuna tusi mlilonitukana ambalo sijajitukana mwenyewe nikiosha vyombo.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, nasema kwa kifupi. Mimi ni msusi, nina saluni yangu, na kanisani kwetu ni kiongozi wa maombi ya akina mama. Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa chekechea, aliwahi kuugua akili kabla hajaja kuishi kwangu. Alilazwa, akatibiwa, akapona. Katika mji wote huu tulikuwa tunajua watu wawili tu: mimi, na muuza mayai mmoja tunayesali naye, ambaye kwa jinsi anavyopenda kuongea watu humwita Mama Redio. Huyu mdogo wangu alimsimulia kwa hiari yake, kwa sababu ndiye mwenzake wa kuomba naye.

Mdogo wangu akapata mchumba, fundi wa lifti. Akaniambia, "Dada, hili nitamwambia mwenyewe, nipe muda." Nikamwambia hakuna shida.

Halafu nikachukua simu.

Sisi viongozi wa maombi wa makanisa ya hapa mjini tuna mnyororo wetu. Ukiwa na jambo zito unampigia kiongozi mmoja, naye anampigia mwingine, hivyo hivyo mpaka mji mzima unaomba. Sharti ni kutotaja jina la mtu, na kutouliza ombi limetoka kwa nani. Nami nikalifuata sharti. Nikasema, "Kuna binti mmoja, mwalimu wa chekechea, anatarajia kuolewa na fundi wa lifti. Aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Tumwombee usimrudie." Jina sikutaja. Kilichobaki ni kusema anavaa kiatu namba ngapi.

Ombi likapokewa na kupokezanwa, na kila mdomo ukatia chumvi yake. Lilipofika kwa mama mzazi wa mchumba, ambaye naye ni kiongozi huko kwao, lilikuwa limekuwa binti mwenye mapepo anayetafuta mwanamume wa kumtwika mzigo. Mama yule hakuhitaji kuuliza jina. Uchumba ukasimama.

Mdogo wangu alipoanza kutafuta ni nani aliyemwanika, mimi sikumtaja Mama Redio. Aliyemtaja ni yeye; mimi nilisema tu, "Si unaujua mdomo wake?" Hayo ndiyo yote niliyosema, na yalitosha. Kikao kikaitwa, Mama Redio akatolewa kwenye kikundi chetu cha maombi. Aliyefunga kikao kile kwa sala ni mimi.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni ya wiki hii.

Alhamisi nilifunga saluni mapema nikaenda kanisani. Nilimkuta mchungaji amepiga magoti mbele ya mimbari. Nikasimama kwa heshima, nikainamisha kichwa, nikangoja amalize kusali. Kumbe alikuwa anatafuta waya wa kipaza sauti uliokatika.

"Mchungaji, nimekuja kutubu."

"Ngoja nitoke huku chini, mama. Keti."

Nilimwambia yote. Simu, mdomo wa Mama Redio, ile sala ya kufungia kikao. Nililia mpaka kitambaa kikawa hakifai. Hakunikatiza hata mara moja, na muda wote ule alikuwa ameshika bisibisi.

"Umewahi kumwambia Mungu hivi ulivyoniambia mimi?"

"Kila siku. Ila kwake huwa nafupisha."

Akacheka kidogo, akaweka bisibisi chini, akaniombea. Alipomaliza akasema, "Mama, Mungu amekusamehe. Hilo nakuambia kwa moyo mweupe, wala usije ukarudi kuniuliza tena."

Jamani, nilisikia mwili mzima umekuwa mwepesi. Nikashukuru, nikashika mkoba wangu, nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa mdogo wako?"

"Lakini mchungaji, si umesema nimesamehewa?"

"Nimesema. Ndiyo maana sasa unaweza kumwambia na usife. Ukitoka kwake, uende kwa muuza mayai."

Nikakaa tena. "Huwezi kwenda wewe? Wewe una maneno ya hekima."

"Aliyepiga simu si mimi."

Naye akaokota bisibisi yake. "Jumapili hii ni meza ya Bwana," akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

Niwaeleze utaratibu wetu. Kabla ya mkate, mchungaji husimama kimya na kila mwenye neno na mwenzake hutoka kwenye kiti chake, akamfuata, wakapeana mikono na kulimaliza. Baada ya hapo sahani ya mkate hupita kwenye mabenchi mtu kwa mtu, na anayempa mwenzake humtaja jina: fulani, mwili wa Bwana, kwa ajili yako. Mimi katika kipindi cha mikono ndipo huwa nang'ara. Huzunguka kanisa zima nikishika mikono ya watu ambao hatujawahi hata kukwaruzana, ili watu waseme, tazama kiongozi wetu alivyo mnyenyekevu.

"Utaninyima mkate?" nikamuuliza.

"Sitakunyima."

Ningependa angenikatalia. Ningepata wa kumnunia.

Jumamosi mdogo wangu akaja saluni baada ya wateja kwisha. Aliingia akiimba. Tangu uchumba usimame sikuwa nimemsikia akiimba, nikajua kuna jambo.

"Nisuke vizuri, dada. Kesho kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Amerudi!"

"Nani?"

"Nani mwingine? Fundi! Jana alikuja shuleni, akasimama getini pamoja na wazazi wanaochukua watoto. Mtoto mmoja akamuuliza, wewe ni baba wa nani?" Akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Alisema amechoka kusikia habari zangu kwa watu, anataka kuzisikia kwangu. Nikamwambia yote, dada. Mpaka wodi niliyolala."

"Akasemaje?"

"Akasema siku nikijisikia vibaya awe wa kwanza kujua. Basi, hakuongeza."

"Na mama yake?"

"Ndiye huyo mgeni wa kesho. Anakuja kusali kwetu anione kwa macho yake."

Nilimkumbatia kutoka nyuma, shavu langu kwenye nywele zake. Furaha ile ilikuwa ya kweli, mniamini au msiniamini. Lakini ndani ya furaha hiyo hiyo niliuona upenyo. Kidonda kimepona, nikajiambia, kukifungua tena ni kwa nini?

Nikaanza kugawa nywele. Mdogo wangu akasema, "Na jambo lingine. Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama Redio. Nikamwambia nimemsamehe."

Kitana kikaniponyoka.

"Alikiri kuwa ni yeye?" Nauliza mimi! Mimi mwenyewe, bila haya.

"Hakukiri wala hakukana. Alinitazama weee, halafu akasema, asante mwanangu. Akanipa mayai ya kwenda nayo nyumbani. Ndiyo yale uliyokaanga asubuhi."

Mayai yale nilikuwa nimeyala na kuyasifu.

"Dada, unanivuta."

"Samahani." Nikalegeza mkono. Nilijua saa imefika. "Mdogo wangu, kuna kitu..."

"Kama ni kunigombeza kwamba amesamehewa bure, usinigombeze. Nilikuwa nimechoka kumchukia." Akanitazama kwenye kioo. "Unajua kilichonizuia nisirudi hospitali? Wewe. Usiku nilikuwa nasema, wote wamenigeuka, lakini dada yupo chumba cha pili. Ningejua na wewe umenigeuka, ningerudi kule kule."

Basi, mdomo ukajifunga. Nikajiambia nanyamaza kwa upendo. Nikajiambia ni daktari gani angekubali nimwambie. Nilimsuka vizuri sana siku ile, mistari imenyooka, na kila msuko niliousuka niliuonea aibu.

Alipoondoka nilikwenda kwa Mama Redio. Msinisifu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na hasira naye, ndiyo, hasira. Alipata wapi ruhusa ya kupokea msamaha usio wake?

Duka lake ni chumba kimoja chembamba, trei za mayai zimepangwa mpaka karibu na dari. Alikuwa ameketi mbele ya balbu, anamulika yai moja moja kutafuta yaliyoharibika. Zamani usingeweza kuingia pale bila kukanyaga mguu wa mtu, kwa wateja na kwa soga. Siku ile alikuwa peke yake.

"Nipe trei moja," nikasema.

"Ya nani? Jana nimempa mdogo wako mengine."

"Kwa nini hukumwambia mdogo wangu kuwa si wewe?"

Akaweka yai chini, akachukua lingine. "Kumbe leo umekuja kwa hilo."

"Ulijua ni mimi?"

"Tulikuwa wawili tu, mwenzangu. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

"Na kwenye kikao hukunitaja."

"Kwenye kikao nilisema si mimi, mkacheka. Wewe ulicheka pia, nilikuona. Nikajua hata nikitaja jina la mtu nitaonekana Redio imefunguliwa." Akamulika yai, akaligeuza. "Jana mtoto wa watu akaja anatetemeka, maneno ameyakariri njia nzima. Ningemwambia si mimi, swali linalofuata lingekuwa nini? Nikaona nimpokelee tu, atue mzigo wake."

Hasira yote ikaniisha hapo hapo, na nilichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi. Nilipiga magoti. Kwa kuwa nafasi ni ndogo na mimi ni mnene, goti moja likatua kwenye trei. Mayai yakasagika, ute ukaingia kwenye viatu vyangu.

Mama Redio alitazama trei, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi tu. Nami nikalia pale chini na uchafu wangu.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikuua huku nikikuangalia."

"Nimeshakusamehe. Si kwa wema, usinipambe. Nilikuchukia mpaka nikawa naona uso wako kwenye kila yai nikilimulika. Nikaona nitakuwa mwehu mimi, na kazi haitafanyika." Akanipa tambara nijifute. "Lakini ule msamaha wa mdogo wako si wangu. Umeletwa nyumba isiyo yake. Nimekushikia tu, na unanibana. Nenda kauchukue kwa mwenyewe."

"Amepata nafuu juzi juzi tu. Je, akiugua tena?"

"Unamwogopea yeye au unajiogopea wewe?"

Nilitaka kusema yeye. Uongo nilikuwa nao tele, lakini ule ulikataa kutoka. Nikafuta goti, nikaondoka bila kuaga.

Usiulize nililala vipi.

Jumapili nilikaa benchi la mbele, la viongozi, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Mabenchi machache nyuma yangu, pembeni kabisa ya njia, alikaa mdogo wangu na nywele zake mpya. Kushoto kwake alikaa mgeni wake, mama mrefu, mkoba kaukumbatia mapajani, macho hayatulii. Mama Redio alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, mahali alipohamia tangu tumtoe.

Kwaya ikamaliza. Mchungaji akasimama, akasema, "Mwenye neno na mwenzake, aende." Hakunitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kunitazama.

Watu wakaanza kutembea. Mama mmoja akaja kunishika mkono, na kwa mazoea nikatabasamu. Ningeweza kuendelea hivyo, mkono baada ya mkono, mpaka kipindi kiishe. Nilikuwa na ujuzi huo.

Nikageuka, nikarudi nyuma mpaka kwenye benchi la mdogo wangu.

"Ha! Dada! Leo umeanza na mimi?" Akanyoosha mkono huku anacheka. "Mama, huyu ndiye dada yangu niliyekuwa nakusimulia."

Nikaushika mkono. "Mdogo wangu, si Mama Redio."

"Si Mama Redio nini?"

"Aliyekuanika. Ni mimi. Simu ya kwanza niliipiga mimi. Nilisema ni maombi, nikajidanganya na mwenyewe. Nilitaka viongozi wenzangu waone jinsi ninavyobeba mambo mazito. Halafu ulipouliza, nikamwachia Mama Redio yamwangukie."

Kwa muda alibaki na kicheko chake usoni, hakijui kiende wapi. Mkono wake ukawa baridi ndani ya wangu.

Mama mrefu ndiye aliyeongea kwanza. "Ombi la mwalimu wa chekechea? Lilianza kwako, dada mtu?"

"Ndiyo, mama."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Labda alikuwa anakumbuka simu zake mwenyewe, sijui.

Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulitaja jina langu?"

"Hapana! Jina sikutaja hata kidogo." Nilijibu haraka, kama mtu aliyepata cha kujitetea.

"Afadhali ungelitaja," akasema. "Ningeamini ulikuwa unaniombea."

Akautoa mkono wake, akanipita. Nilidhani anatoka nje na moyo ukanipasuka. Alikwenda mpaka benchi la mwisho, akataka kupiga magoti mbele ya Mama Redio. Mama Redio akamdaka mabega kabla hajafika chini, akamkumbatia. Sikusikia walichoambiana. Nilikuwa namkagua mdogo wangu kwa mbali, mabega, mikono, shingo, nikimtafuta yule mgonjwa niliyekuwa najidai kumlinda kwa kunyamaza. Sikumwona. Niliona mtu mzima amekosewa.

Nikaketi pale pale nilipokuwa, mwisho wa benchi lao, kwa sababu la mbele lilikuwa mbali sana. Watu wakarudi kwenye viti. Mchungaji akaanza kuumega mkate.

Na mdogo wangu akarudi. Biblia yake ilikuwa imebaki pale. Akapita mbele ya magoti yangu bila kusema kitu, akaketi kati yangu na mama mkwe wake mtarajiwa, mgongo wima, macho mbele. Bega lake lilikuwa karibu na langu, lakini halikunigusa.

Sahani ikaingia benchi letu kutoka upande wa pili. Ikafika kwa yule mama mrefu. Akachukua kipande chake, akala, kisha akamgeukia mdogo wangu. Akamtaja jina lake lote, taratibu, kama mtu anayejifunza jina ambalo alikuwa amekataa kulijua. "Mwili wa Bwana, kwa ajili yako." Mdogo wangu akapokea, chozi likamdondoka kwenye mkate, akaula hivyo hivyo.

Nikafurahi kwa ajili yake. Nilifurahi na nikatamani sakafu ipasuke, vyote kwa pamoja.

Sasa sahani ilikuwa mapajani mwake, na aliyefuata ni mimi.

Mdogo wangu tangu aanze kuongea hajawahi kuniita jina. Akiwa na furaha ni dada, akiwa na hasira ni dada, alipokuwa amelazwa na hamjui hata mama yetu, aliniita dada. Kwa utaratibu wetu unaweza kumwita mtu vyovyote unavyomwita, ila lazima umwite. Ukishindwa kumtaja, unaipitisha sahani juu ya kichwa chake kwenda benchi la nyuma, na kila mtu anajua maana yake.

Sikunyoosha mkono. Nilipata wapi uso wa kunyoosha mkono? Nilitazama vile vipande vya mkate na viatu vyangu ambavyo bado vilikuwa na alama ya ute wa mayai.

Sahani ikaanza kuinuka kutoka mapajani mwake. Ikapita kiwiko chake, ikafika usawa wa kifua changu, ikasimama. Nyuma yetu mabenchi yote yalikuwa yanangoja. Vipande vya mkate vilikuwa vinagongana ndani yake.

Mdogo wangu akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwambie, akavuta pumzi, akafungua mdomo.